Tuliotapisha vyoo Msimbazi

Niliolewa mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zikiwa zimepamba moto, nikaletwa Kigogo kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa hatua arobaini tu kutoka Mto Msimbazi. Sikuwa na mwezi mmoja nyumbani humo mume wangu aliponiamsha usiku nimshikie tochi. Nyuma ya choo kulikuwa na bomba la plastiki la inchi nne, limechomoza kwenye ubavu wa shimo likielekea bondeni, mdomo wake umezibwa kwa gunia lililosokotwa na kufungwa waya. Alifungua waya, akakanyaga ukuta kwa mguu mmoja, akavuta. Gunia lilipotoka, vilivyokuwa shimoni vilifuata, na mvua ikavisindikiza hadi mtoni. Nyumba ya kulia kulikuwa na tochi nyingine. Ya kushoto pia. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Kitendo hicho kina jina mjini kwetu: kutapisha choo. Anayeishi bondeni Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Naanza nacho kwa sababu miaka tisa baadaye nilikuwa katibu wa kamati ya afya na mazingira ya mtaa, kazi yangu ikiwa ni kuandika barua za kuzuia jambo lile lile nililolishikia tochi, na sitaki msomaji adhani nilianzia upande wa wasafi.

Kwa nini tulifanya hivyo? Sababu ya kwanza ni maji ya ardhini. Bondeni ukichimba mita moja tu wakati wa masika unakutana na maji. Shimo la choo linalotakiwa kudumu miaka mitano linajaa kwa msimu mmoja, na linajaa maji zaidi ya kinyesi. Ya pili ni njia. Gari la majitaka lina bomba refu, lakini kutoka barabarani hadi kwetu kulikuwa na kona nne na uchochoro ambao watu wawili wakipishana mmoja anageuka ubavu. Ya tatu ni fedha: gari halivuti nusu choo, linatoza safari nzima, na safari moja ilikuwa sawa na kodi ya miezi kadhaa ya chumba. Mvua ilikuwa bure.

Msimbazi wenyewe si mto mrefu. Unaanzia kwenye milima ya Pugu upande wa Kisarawe, unashuka kupitia Gongo la Mboto na Vingunguti, unapokea mito midogo ya Ubungo, Luhanga na Sinza, kisha unapita Jangwani na kuingia baharini penye mikoko karibu na Daraja la Salenda. Ni kama kilomita 35 tu. Lakini kilomita hizo zimebeba jiji lililokua mbio kuliko mabomba yake. Sensa ya 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya 2012 ikahesabu 4,364,541. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Sehemu kubwa kabisa ya watu hao hawajaunganishwa na mfumo wa majitaka wa umma, wanategemea mashimo na makaro. Kila ninaposikia mtu akisema uchafu wa Msimbazi ni tabia mbaya ya watu wa mabondeni, namkumbusha hesabu hiyo.

Niliingia kwenye kamati mwaka 2006 kwa kuwa niliweza kuandika. Mwenyekiti wa mtaa, mzee mmoja aliyekuwa akiongea polepole, alinipa nakala ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 akaniambia, "Mwanangu, soma, halafu utuambie tufanye nini." Nilisoma kwa wiki mbili. Kifungu cha 57 kilinikosesha usingizi: kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa kipimo hicho nyumba yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya zuio. Nikaenda kwa mwenyekiti nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi wewe ndiye utakayewaambia wenzako, maana hawatasema unawaonea."

Ukaguzi wa kwanza tulianzia kwangu, kwa ombi langu. Bwana afya wa kata alisimama nyuma ya choo, akaliona bomba na gunia lake, akaandika. Nililipa faini mbele ya majirani. Ilikuwa aibu, lakini ndiyo iliyonifungulia milango mingine, kwa sababu baada ya hapo sikuwa natumwa na serikali kuja kumkamata mtu. Nilikuwa jirani aliyekwisha kulipa.

Kampeni ile ilidumu masika mawili, na tulishindwa. Nasema tulishindwa nikiwa na daftari la kumbukumbu hadi leo. Tuliziba mabomba zaidi ya thelathini, tukahesabu kuwa tumeokoa mto. Mwaka uliofuata mabomba ya mtoni hayakuonekana tena, ila mtaro wa maji ya mvua uliopita katikati ya mtaa ukaanza kunuka hata siku za jua. Watu walikuwa wamechimba chini, wakapitisha bomba kutoka kwenye shimo hadi mtaroni, wakafukia, wakasakafia juu. Na mtaro ulikwenda wapi kama si mto ule ule? Tulipiga marufuku bomba linaloonekana, tukapata lisiloonekana. Kosa lilikuwa letu: tulimwambia mtu asitapishe, hatukumwambia apeleke wapi.

Hapo ndipo mama mmoja mpangaji, muuza vitumbua, alipotoa wazo ambalo lilikuwa bora kuliko barua zangu zote. Alisema, "Sisi tunacheza upatu wa vyombo na upatu wa vitenge. Kwa nini tusicheze upatu wa choo?" Tulianza kaya kumi na mbili. Kila wiki kila kaya inatoa, na fungu la wiki linakwenda kuvuta choo cha kaya moja. Walikuwepo vijana wenye pampu ya mkono, ile ya bomba refu unayoishusha shimoni na kuinua mpini kama unatwanga. Wanajaza mapipa yenye mifuniko, wanayasukuma kwa mkokoteni hadi barabarani, gari linayapokea huko. Ni kazi ngumu na ya hatari, na vijana wale wanastahili glovu, buti na heshima. Mara nyingi hawapati hata kimoja.

Tulipata funzo lingine kwenye upatu huo. Usiku mmoja niliona gari la majitaka limesimama ng'ambo ya mto, taa zimezimwa, bomba limeshushwa. Upande wetu ni Kinondoni, ng'ambo ni Ilala. Kesho yake nilimkuta dereva wake kijiweni, kijana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo, nami nikamuuliza bila kumficha kwamba nimeona. Akasema kwenye mabwawa ya majitaka, magari yanakotakiwa kumwaga, kuna foleni, kuna ada ya kumwaga, na mafuta ya kufika huko anakatwa yeye. Sikumripoti siku ile, na hadi leo sijui kama nilifanya vyema. Nilichofanya ni kubadili masharti ya upatu: nusu ya malipo kabla ya kuvuta, nusu dereva akirudi na risiti ya bwawani. Madereva wawili walikataa kuja tena. Mmoja alikubali, akawa ndiye wetu kwa miaka.

Sasa nije kwenye kiwanda kimoja kilichokuwa kikichafua mto, ambacho sitakitaja jina.

Asubuhi moja mwaka 2009 wanawake waliokuwa wakimwagilia mchicha bondeni walikuja mbio kuniita. Mto ulikuwa na rangi ya kaniki. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na juu yake povu limekusanyika kwenye magugu. Nilichukua chupa tupu ya soda, nikaisuuza kwa maji yale yale, nikajaza, nikapanda daladala nayo ikiwa imefungwa kwenye mfuko mweusi. Ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili, ya pili ikataka barua ya mtendaji wa kata. Siku ya nne nikapokelewa na fundi wa maabara. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaona rangi imepauka na kitu kama lami kimetuama chini, akanionea huruma. Alisema, "Mama, hii inatuambia kuna tatizo, lakini haiwezi kusimama mahakamani."

Saa nzima aliyonipa mtu yule ilinifundisha zaidi ya semina zote nilizowahi kuitwa. Sampuli lazima ichukuliwe na mkaguzi anayetambuliwa na sheria, kwenye chombo safi, iwekewe lebo yenye saa na mahali, ipozwe kwa barafu, na kila anayeipokea asaini. Tena ichukuliwe pale bomba linapomwaga, kwa sababu mtoni kila mwenye bomba atasema uchafu ni wa mwenzake wa juu. Akanieleza kipimo wanachokiita BOD: wanafungia maji gizani kwa siku 5 kwenye nyuzijoto 20, halafu wanaangalia vijidudu vimekula oksijeni kiasi gani. Uchafu ukiwa mwingi, vijidudu vinakula sana, na mtoni maana yake ni kwamba samaki anakosa pumzi. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayoruhusiwa kutiririshwa ni miligramu 30 kwa lita. Majitaka ghafi ya majumbani huweza kufika 300 bila shida. Nikamuuliza, kama jibu linachukua siku 5, na rangi inapita kwa saa 3, nani atamkamata mwenye kosa? Akasema, "Anayejua saa."

Nilinunua daftari la kurasa mia. Kwa miezi miwili mimi na wanawake wanne wa mchicha tulipokezana zamu. Tuliandika tarehe, saa, rangi, harufu, mvua ipo au haipo. Mwanzoni tulikuwa tukienda mtoni alfajiri, tukakuta maji yako kawaida huku magugu ya pembeni yana utando mpya. Tukasogeza zamu nyuma. Saa kumi. Saa tisa. Saa nane usiku ndipo tulipoyakuta yakipita. Mwishoni mwa daftari mpangilio ulikuwa wazi hata kwa mtoto: usiku wa kuamkia Jumamosi, na usiku wowote wa mvua kubwa. Mvua iliyotuficha sisi na magunia yetu ndiyo iliyokificha kiwanda.

Niliwapelekea wakaguzi daftari lile. Safari hii hawakuja mchana na barua ya taarifa. Walikuja saa saba usiku na polisi wawili na kasha la barafu, wakagonga geti la kiwanda, wakachukua maji kwenye bomba lenyewe mbele ya msimamizi wa zamu, wakamtaka asaini lebo. Kipimo cha asidi walikisoma pale pale kwa tochi. Baada ya wiki kadhaa kiwanda kikapigwa faini na kuamriwa kusimamisha uzalishaji hadi kijenge matangi ya kutibu maji yake.

Siwezi kusema nilifurahi. Kiwanda kile kilichukua vibarua wa kutwa wengi kutoka mtaani kwetu, na siku ya pili ya kufungwa mama mmoja, watoto wake watatu, alinikabili kwenye foleni ya maji. "Katibu," aliniambia kwa sauti ya chini, "mto umekula. Wanangu watakula nini?" Sikuwa na jibu na sikujaribu kulitunga. Kiwanda kilifungwa wiki saba. Kilipofunguliwa kilikuwa na matangi mawili na mtu wa kuyaangalia, na yule mama alirudi kazini. Nimewaza sana tangu hapo kwamba amri ya kufunga ingekwenda pamoja na sharti la mwajiri kuwalipa vibarua wakati wa matengenezo, nusu ya chuki dhidi ya wakaguzi isingekuwepo, na watu wa ndani wangekuwa wa kwanza kutoboa siri ya bomba la usiku.

Wapo wanaouliza sheria ziko wapi. Sheria zipo. Mwenye kiwanda anayetaka kumwaga maji mtoni anahitaji kibali cha kutiririsha chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kwa Msimbazi kibali hicho kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ina mamlaka ya kukagua, kutoza na kuzuia. Halmashauri zina sheria ndogo, na DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, ina mabomba na mabwawa. Kwa maoni yangu makosa hayako kwenye karatasi. Yako kati ya saa mbili asubuhi ofisi zinapofunguliwa na saa nane usiku mto unapochafuliwa.

Desemba 2011 mafuriko yalituonyesha kila kitu kwa pamoja. Maji yaliingia kwangu hadi usawa wa dirisha. Yalipotoka yaliacha tope jeusi lenye harufu ya choo na dizeli, kina cha kiganja, juu ya kitanda, ndani ya sufuria, kwenye madaftari ya watoto. Watu zaidi ya arobaini walikufa jijini. Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande. Wengine walikwenda, wengine walirudi bondeni kwa sababu Mabwepande ni mbali na kibarua. Sisi tulirudi. Mwaka 2015 kipindupindu kikaanza Kinondoni mwezi wa nane, na kabla ya mwaka huo kwisha alama za X nyekundu zikawa zimeandikwa kwenye kuta za mabondeni, bomoabomoa ikaanza. Nyumba yangu iliandikwa X ila haikufikiwa. Siandiki zaidi kuhusu miezi ile.

Nitaandika kuhusu Vingunguti badala yake, kwa kuwa huko ndiko nilikoona kitu kinachofanya kazi. Tulikwenda kamati nzima. Kwanza tulipelekwa kwenye mabwawa ya majitaka, ambayo nilikuwa nikiyajua kwa risiti tu. Bwawa la kwanza ni jeusi, lina kina, na mapovu yanapanda toka chini kama uji unaochemka taratibu. Hapo kinyesi kinatulia na kuoza bila hewa. Linalofuata ni la kijani, jua na mwani vinafanya kazi. La mwisho lina kina kifupi, mwanga unapenya hadi chini na kuua vijidudu, na siku ile lilikuwa na ndege weupe wamesimama ukingoni. Hakuna mashine. Ni siku tu, jua, na nafasi. Lori likimwaga tope zito kupita kiasi, au mabwawa yasipochimbuliwa tope lake, maji yanapita haraka na kutoka yakiwa bado machafu. Kwa hiyo hata bwawa linahitaji mtu wa kulilinda.

Kisha wakatupeleka uswahilini, kwenye nyumba zilizobanana kama zetu. Baadhi ya kaya zilikuwa zimeunganishwa kwa mabomba membamba yaliyofukiwa kina kifupi, yanapita uani na vichochoroni badala ya barabarani, yanakusanya majitaka ya vyoo na kuyashusha kwenye mabwawa yale. Kila kona ina chemba ndogo yenye mfuniko. Mama mwenye nyumba mmoja alinifunulia yake bila kuombwa, kama mtu anavyoonyesha kabati jipya. Akaniambia, "Dada yangu, tangu 1994 nimekuwa nikiogopa masika. Sasa mvua ikinyesha nalala." Nilisimama juu ya chemba ile nikahisi uchungu, kwa sababu nilikumbuka faini, barua, mabomba thelathini tuliyoyaziba, na hakuna hata moja kati ya hayo lililomfanya jirani yangu alale.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa uendelezaji wa Bonde la Msimbazi: daraja jipya Jangwani, kupanua na kuimarisha mkondo wa mto, na watu wa bonde la chini kulipwa fidia na kuhama. Tulihesabiwa, tukapigwa picha mbele ya milango yetu, tukasaini. Naunga mkono kuhama. Maji yale hayana suluhu na nyumba. Ila nilisema kwenye kila mkutano, na naandika tena hapa, kwamba mkondo ukipanuliwa huku vyoo vya mitaa ya juu, kutoka Gongo la Mboto kushuka, havijapata mabomba wala njia ya gari, mto utakuwa mpana na uchafu ule ule utapita ndani yake. Pesa ya bomba dogo la uani ni lazima iende pamoja na pesa ya daraja.

Nilinunua kiwanja upande wa Chanika. Fundi alipokuja kuchora msingi nilimwambia tuanze na karo. Akashangaa, akaniuliza mbona nataka liwe mbele, karibu na baraza, wageni watalipita. Nilimshika mkono nikamtoa hadi barabarani, nikahesabu hatua kurudi hadi pale nilipotaka mfuniko ukae. Zilikuwa kumi na moja, moja kwa moja, bila kona.